Villa Ludovisi: Bustani Iliyouzwa, Jumba Lililokosa Mteja

Tarehe 18 Januari 2022 mahakama ya mji wa Roma iliendesha kwa njia ya intaneti mnada wa jumba moja kongwe lililo juu ya kilima cha Pincio, karibu na barabara mashuhuri ya Via Veneto, thamani yake ikiwa imekadiriwa kuwa yuro milioni 471, na kima cha chini ambacho mnunuzi angekubaliwa kutaja kikiwa yuro milioni 353. Na muda uliowekwa ulipokwisha, haikupatikana zabuni hata moja. Magazeti ya Ulaya na Marekani, ambayo kwa majuma mengi yalikuwa yamelisifu jumba hilo kuwa miongoni mwa nyumba za ghali kupita zote zilizopata kutiwa mnadani, yalisimulia habari hiyo kwa mshangao, kana kwamba matajiri wa ulimwengu walikuwa wamevunja ahadi. Mnada ukarudiwa mwezi wa Aprili, ukarudiwa mwezi wa Juni, ukarudiwa mwezi wa Oktoba, na kila uliporudiwa bei iliteremshwa, hata kima cha chini kikafika yuro milioni 145, na mteja asitokee.

Jumba hilo huitwa Casino dell'Aurora, nalo ni baki la Villa Ludovisi, shamba la fahari ambalo ukoo wa makabaila wa Ludovisi, na baada yao Boncompagni Ludovisi, walilimiliki tangu mwaka 1621. Nasema baki kwa kusudi. Wasomaji wengi wa habari za mnada ule walidhani kwamba kilichokuwa kikiuzwa ni villa ya kale pamoja na viunga vyake, hali viunga vyenyewe viliuzwa zamani, kwa mita za mraba, kwa watu waliotaka kujenga, na aghalabu ya wageni wanaotembea leo katika mtaa ule wenye mahoteli hawajui kwamba wanakanyaga mojawapo ya bustani zilizosifiwa kupita zote Ulaya. Kisa cha mauzo ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kikubwa kuliko kisa cha mauzo ya pili, na cha pili hakifahamiki pasipo cha kwanza. Lakini kwa kuwa bei ndiyo iliyowavuta watu, na tuanze na bei.

Katika zile yuro milioni 471, mtaalamu wa sanaa aliyefanya tathmini alitenga kiasi cha milioni 310 kwa ajili ya dari ya chumba kimoja. Kisa cha dari hiyo chaanzia kwa mwenye nyumba wa kwanza mwenye kukumbukwa, Kardinali Francesco Maria del Monte, aliyeinunua mwaka 1596 ili awe na mahali pa kupumzikia nje ya vurugu za mji, maana kilima kile siku hizo kilikuwa mashamba ya mizabibu. Kardinali huyo alikuwa mtu wa shauku nyingi: akipenda muziki, akipenda hesabu na nyota, na akipenda alkemia, ile elimu ya kale ambayo wazee wa Ulaya waliipokea kwa Waarabu, akaijengea kichumba cha kukenekea dawa ghorofani. Alikuwa pia mfadhili wa kijana mmoja mchoraji, mgomvi, mwenye kipaji kisicho kifani, aitwaye Michelangelo Merisi, ambaye dunia humwita Caravaggio. Na yapata mwaka 1597 alimpa kichumba hicho akipambe.

Mtu akisimama chini ya dari hiyo, ambayo upana wake haufiki mita 3, huwaona juu yake miungu watatu wa Kirumi: Jupita na tai wake, akiunyosha mkono kulisukuma tufe la mbingu lenye jua, ardhi na buruji za nyota, upande wa pili Neptuni na farasi wake wa bahari, na Pluto, mungu wa kuzimu, akiwa na mbwa wake wa vichwa vitatu. Wote wamechorwa kana kwamba watazamwa kutoka chini kabisa, hata nyayo zao na mapaja yao hutangulia nyuso zao, jambo ambalo kadhi wa pwani asingaliliruhusu wala kardinali wa leo asingaliliagiza. Jupita hutajwa kuwa alama ya hewa na kiberiti, Neptuni ya maji na zebaki, Pluto ya ardhi na chumvi, yaani viasili ambavyo bwana mwenye chumba alikuwa akivipika papo hapo chini yao. Bellori, mwandishi wa sira za wachoraji, katika kitabu alichokitoa mwaka 1672, asimulia kwamba Caravaggio alisikia wenziwe wakisema hajui kanuni za kuchora vitu kwa kadiri vionekanavyo kwa mbali au kwa chini, naye akajibu kwa kazi hii. Na wako wanaoamini kwamba kwa kukosa mtu wa kumtazamia alijitazama mwenyewe katika kioo, ndiyo maana sura hizo zafanana naye. Ni kazi yake pekee ijulikanayo iliyochorwa juu ya dari, tena kwa rangi za mafuta juu ya lipu kavu, si kwa desturi ya wenziwe waliopaka juu ya chokaa mbichi. Ilisahauliwa kwa muda mrefu hata ikatambuliwa upya katika miaka ya 1960.

Kwa hiyo mnunuzi alikuwa akitakiwa kutoa theluthi mbili za fedha zake kwa kitu asichoweza kukibandua, kukisafirisha, wala kukiazima kwa mtu, kwani sheria ya Italia ya mwaka 2004 ya kuhifadhi turathi haimruhusu hata kugongomea msumari bila ya kibali. Na baada ya kulipa hayo yote, sheria hiyohiyo yaipa serikali siku 60 za kufikiri kama inapenda kulichukua jumba kwa bei ileile, naye mnunuzi arudishiwe chake. Fauka ya hayo, ilitajwa kwamba jumba lahitaji matengenezo ya kiasi cha yuro milioni 11. Sioni kwa nini watu walistaajabu kwamba hapakutokea mteja. Ningalistaajabu zaidi angalitokea.

Na turudi nyuma. Mwaka 1621 alitawazwa Papa Gregory wa 15, mzee dhaifu wa ukoo wa Ludovisi kutoka Bologna, naye siku ya pili tu akampa ukardinali mwana wa nduguye, Ludovico, kijana wa miaka 25, akamwachia mambo ya dola. Ilikuwa kawaida ya zama zile, papa kumwinua mpwa wake, na mpwa kuharakisha kujilimbikizia kabla mjomba au ami yake hajafa, kwa maana ufalme wa papa haurithiwi. Ludovico alielewa vyema kwamba saa yake ni fupi. Katika mwaka uleule wa 1621 alinunua kwa Del Monte jumba lake, akaongeza mashamba ya jirani, akazungusha ukuta, akaleta wachoraji na wachongaji. Na mwaka 1623 Papa alipofariki, akiwa ametawala miaka miwili na miezi michache, villa ilikuwa tayari imekwisha kuwa ajabu ya mji.

Kwa jumba la Del Monte alimwita Guercino, mchoraji wa mji mdogo wa Cento, na kwa kuchora nguzo na kuta za uongo zenye kuinua ukumbi machoni alimweka Agostino Tassi, mtu hodari katika kazi yake na muovu katika maisha yake, ambaye miaka tisa kabla ya hapo mahakama ya Roma ilikuwa imemtia hatiani kwa kumnajisi mchoraji Artemisia Gentileschi. Wawili hao waliipasua dari. Ukiinua macho waona kuta zilizobomoka, na juu ya kuta waona mbingu, na katikati ya mbingu Aurora, mungu wa kike wa alfajiri, apita katika gari la kukokotwa na farasi wenye mabaka, akimwacha nyuma mume wake mzee kitandani, maua yakimwagwa njiani na usiku ukimkimbia. Kwenye pembe za picha Guercino alichora miti mirefu iliyochongoka kuelekea juu, na wajuzi wasema alikusudia ionekane kana kwamba ni miti ya bustani ile ile ya nje, kama ambavyo ingeonekana paa lingekuwa limeondolewa.

Bustani ya nje ilikuwa na ukubwa wa hekta zipatazo 30, ikipakana na ukuta wa mji uliojengwa na Kaizari Aureliano katika karne ya 3. Ardhi hiyo haikuwa ardhi ya kawaida. Kabla ya Uislamu kwa zaidi ya miaka 600 ilikuwa bustani ya Sallust, mwandishi wa tarehe na mtu wa Julius Caesar, aliyetajirika kwa kuwanyonya watu wa Afrika ya Kaskazini alipokuwa gavana wao, na baada yake makaizari waliirithi. Kila palipochimbwa palitokea sanamu. Yule Galata anayekufa, askari aliyeketi chini akiinamia jeraha lake, ambaye leo yu katika makumbusho ya Kapitolio, alitajwa kwa mara ya kwanza katika orodha ya mali ya Ludovisi ya mwaka 1623. Masanamu hayo yalipangwa katika vichochoro vya misaipresi na mialoni isiyopukutisha majani, na walioyaona huandika habari za vivuli zaidi ya habari za mawe.

Walioyaona hawakuwa wengi. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Villa Ludovisi ilikuwa mahali pa kuingia kwa idhini ya mwenyewe, kwa hati, na kwa siku maalumu. Stendhal, mwandishi wa Kifaransa, aliisifu bustani hiyo miongoni mwa zilizo bora kabisa duniani. Mwandishi Henry James, aliyekuja kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1870, aliisifu vilevile, huku akieleza kwamba majira ya baridi ilikuwa imekodishwa na Mfalme Vittorio Emanuele wa Pili kwa ajili ya Rosina, mke wake aliyemwoa bila ya kumpa cheo cha malkia, na milango ikafungwa. Wenyeji wa Roma, washonaji viatu na wauza mboga, hawakuwa na habari nayo isipokuwa ncha za miti zilizotokeza juu ya ukuta.

Kwa muda wa karne mbili na nusu milki haikugawanyika, kwani ilikuwa chini ya kanuni ya makabaila ya kuzuia mirathi: mali yote humshukia mtoto mkubwa wa kiume, naye huila faida yake tu, hana ruhusa ya kuiuza wala kuiweka rehani. Msomaji wa pwani yetu ataona ukaribu wake na wakfu wa dhuria, ijapokuwa wakfu haumbagui mdogo kwa ajili ya mkubwa. Nasaba ilipobadilika mwaka 1681, binti wa Ludovisi alipoolewa na Gregorio Boncompagni, wa ukoo wa yule Papa Gregory wa 13 aliyeitengeneza kalenda tunayohesabia miaka yetu mpaka leo, milki ilihama nzima kama ilivyo. Lakini tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yaliingia Roma, mji ukatoka mikononi mwa Papa ukawa makao makuu ya dola mpya, na pamoja na majeshi zikaingia sheria mpya, zilizovunja kifungo kile cha mirathi. Prinsi wa Boncompagni Ludovisi akajikuta mtu huru wa kuuza, katika mji ambao kila juma ulikuwa ukipokea makarani, maofisa na mawaziri wasio na nyumba za kukaa.

Mwaka 1886 Prinsi Rodolfo alifunga mkataba na baraza la mji pamoja na kampuni kubwa ya ujenzi iliyoitwa Società Generale Immobiliare. Misaipresi ilikatwa. Vichochoro vikapimwa vikawa barabara, na barabara zikapewa majina ya majimbo ya Italia na ya ukoo wenyewe, kana kwamba kuandika jina la Ludovisi katika kibao kilichopigiliwa pembeni mwa hoteli ni fidia ya kutosha. Wageni walipiga kelele: Herman Grimm, mwalimu wa Kijerumani, aliandika mwaka uleule kwamba Roma yaangamizwa, na D'Annunzio, mwandishi wa Kiitalia ambaye alikuwa kijana wakati huo, aliyatia masikitiko hayo katika riwaya yake baadaye. Wachimbaji misingi, mwaka 1887, walifukua jiwe jeupe la marumaru lililochongwa mwanamke akiinuliwa na wanawake wawili kutoka majini, mavazi yao yakiwashika mwilini kwa majimaji. Ni kile kinachoitwa Kiti cha Ludovisi, ambacho wengi hukihesabu kuwa kazi ya Wayunani ya karne ya 5 kabla ya Nabii Isa, ingawa wako wanaobisha. Sina hakika kama bustani ingaliachwa salama kingalionekana.

Faida haikudumu. Katika miaka hiyohiyo biashara ya ardhi mjini Roma ilianguka kwa kishindo, mabenki yakafilisika, nyumba zikaachwa bila mapaa. Prinsi alikuwa amejijengea kasri jipya kubwa palepale, kwa ramani ya Gaetano Koch, msanifu majengo mashuhuri wa wakati ule; madeni yakamtoa humo. Kasri hilo likawa makazi ya Malkia Margherita, mjane wa Mfalme Umberto aliyeuawa mwaka 1900, na baada ya Vita Vikuu vya pili likanunuliwa na Marekani, nayo imeweka humo ubalozi wake. Masanamu ya mababu yakauzwa kwa serikali mwaka 1901, na mengi yao yako leo katika jumba la makumbusho la Altemps. Kilichosalia mkononi mwa ukoo kilikuwa Casino dell'Aurora na kipande cha bustani cha kuizunguka.

Sasa mtu avuke ukuta wa Aureliano kwa lango la Pinciana, mwendo wa dakika chache tu, naye atajikuta katika Villa Borghese. Asili yake ni ileile: mpwa mwingine wa papa mwingine, Kardinali Scipione, akajijengea katika miaka ya 1600 ya mwanzoni. Lakini Borghese waliwaachia watu njia. Liliandikwa kwa Kilatini bamba la kumkaribisha mgeni atembee atakako na kuondoka apendapo, na kwa miaka mingi watu wa Roma walikuwa wakiingia siku za mapumziko na watoto wao, na chakula chao, na kelele zao, bila kumwomba mtu. Mwaka 1885 prinsi wa Borghese, naye akiona bei ya viwanja inavyopanda, alifunga milango. Watu wakakasirika, baraza la mji likamshitaki; na tarehe 9 Machi 1887 mahakama ya juu ya Roma ilihukumu kwamba umma uliozoea kutembea mahali kwa miaka mingi una haki juu ya mahali hapo, haki ambayo mwenye ardhi hawezi kuifuta kwa kufunga komeo. Hukumu hiyo yasomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria wa Italia.

Ukoo wa Borghese nao ulifilisika katika anguko lile, tena vibaya kuliko jirani zao. Lakini ardhi yenye haki ya watu juu yake haikuwa na soko kwa wajenzi, na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali iliinunua pamoja na picha na masanamu yake, ikaikabidhi kwa mji mwaka 1903. Hekta zake zipatazo 80 zingaliko, zina miti, zina vumbi, zina vijana wenye baiskeli za kukodi na wazee wanaosinzia vibarazani. Kwa mwaka mmoja tu wa tofauti, bustani mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja ziliamuliwa kinyume, na lililozitenganisha si uzuri, maana waliozijua zote mbili waliipa ya Ludovisi ubora. Ni kwamba moja ilikuwa na nyayo za watu wengi na nyingine haikuwa nazo.

Habari za karibuni ni fupi, na kwa kweli si nzuri. Prinsi Nicolò Boncompagni Ludovisi alifariki mwaka 2018, akamwacha mjane wa Kimarekani, ambaye alikuwa akikaa ndani ya jumba, akiwatembeza wageni na kushughulika na makaratasi ya kale ya ukoo, na watoto wa kiume wa ndoa ya awali ya Prinsi. Wasia ulibishaniwa, warithi hawakupatana, na mahakama ikaamuru jumba liuzwe ili kila mmoja apate fungu lake. Mwezi wa Aprili 2023, mnada ukiwa bado haujazaa kitu, askari walifika na amri ya hakimu, mjane akatoka.

Makumi ya maelfu ya raia wa Italia walitia sahihi ombi la kuitaka serikali ilinunue jumba hilo, na serikali ilikaa kimya, kwa hoja inayoeleweka, kwamba yuro milioni mia kadhaa ni nyingi kwa dari moja wakati mahekalu na makasri mengi ya nchi ile yavuja. Lakini bei huteremka, na sheria ya siku 60 ingaliko. Lau ningeulizwa, ningesema serikali ingoje mpaka bei ifike mahali pa akili, inunue, na kabla ya kufikiri habari za tiketi na maduka ya kuuzia kadi za picha, iondoe lango la upande wa barabara ya Lombardia, ili mtu atokaye kazini katika mahoteli ya jirani apate pa kuketi chini ya miti iliyobaki. Maana wahudumu na wapishi wa mtaa ule, ambao wengi wao siku hizi ni watu waliohamia kutoka Bangladeshi, Ufilipino na Afrika, hula chakula chao cha mchana wakiwa wamesimama kando ya ukuta.